Sikio la Sabuni

Sipendi kubishiwa juu ya kitu nilichokiona kwa macho yangu. Ndugu zangu wa Ushirombo wanasema nimekuwa hivyo tangu utotoni, kwamba hata katekista wa kipaimara nilimtoa jasho, na mimi sikatai. Basi mfikirie mtu wa namna hiyo, ana miaka ishirini na tisa, amesomea Mpwapwa, ni mwanamke pekee katika maabara ya mifugo mjini Shinyanga, halafu asubuhi ya Jumanne anafungua dirisha la chumba chake cha kazi na kukuta ng'ombe mweupe anamtazama.

Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya baraza, kichwa usawa wa dirisha langu. Pembeni yake alisimama mama mmoja mwembamba, vumbi limempanda hadi kiunoni, kandambili kazishika mkononi.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma. "Wewe ndiye Febronia?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi naitwa Mbuke, Mama Justa, natoka Didia. Huyu anaitwa Sabuni. Umeandika kwenye karatasi kwamba anaumwa. Nimemleta umwambie mwenyewe."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Walikuwa wametoka Didia jana yake mchana, wakalala kwa shemeji yake njiani, wakaamka na kuendelea, mama mbele na ng'ombe nyuma. Nilishika dirisha nisijue nilifunge au nicheke.

Huo ulikuwa mwaka themanini na moja. Ng'ombe alipewa jina hilo kwa weupe wake, na mwaka ule jina lenyewe lilikuwa kichekesho, maana sabuni madukani tulikuwa tunaisikia kwa jirani tu. Sisi maabara tulikuwa tukipima ng'ombe wote wa vikundi vya maziwa kutafuta ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe akiupata hutupa ndama kabla ya wakati, na mtu akinywa maziwa yake mabichi hupata homa inayokwenda na kurudi miezi mingi, viungo vikimuuma hadi ashindwe kushika jembe. Mabwana mifugo walituletea damu kutoka vijijini, sisi tukapima. Ng'ombe aliyeonekana na ugonjwa alipakiwa kwenye lori la Ijumaa kwenda kuchinjwa. Hakukuwa na dawa wala msamaha.

Damu ya Sabuni niliipima mimi. Unachukua kigae cheupe, unadondosha tone la maji ya damu, pembeni tone la dawa ya rangi ya waridi, unachanganya na kuyumbisha kigae taratibu kwa dakika nne. Matone yakibaki laini, ng'ombe mzima. Yakikatika vipande kama maziwa yaliyoganda, mgonjwa. Ya Sabuni yalikatika kabla dakika mbili hazijaisha.

"Mama," nikamwambia, "damu haisemi uongo."

"Na mimi sijasema damu imesema uongo. Nasema ng'ombe huyu amezaa mara mbili na ndama wote wako hai. Nasema pia kwamba Justa wangu amejifungua mapacha mwezi wa pili, maziwa yake hayawatoshi, na watoto wale wanakua kwa huyu hapa. Nachemsha maziwa mpaka yanapanda, kama mnavyotuhimiza kila siku. Sina ng'ombe mwingine. Ijumaa mkimchukua, wale watoto nitawapa nini?"

Swali hilo lilinikasirisha. Nikaamua kumfundisha. Nilimwambia asogee dirishani, nikainua sahani mbili za kioo zilizofungwa kwa nta pembezoni, zile tulizokuwa tukiwaonyesha wanafunzi. Vijidudu vilivyomo vilikuwa vimekufa zamani.

"Vijidudu vya ugonjwa huu ndivyo hivi. Hizi nukta nukta, kila moja ni ukoo mzima wa vijidudu. Unaona sahani hii nukta zimekuwa zambarau? Na hii zimebaki nyeupe?"

Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa sahani.

"Naona."

"Nilizimwagia rangi moja, siku moja. Hizi nyeupe zimekataa rangi kwa sababu kila kijidudu kimevaa koti. Koti limefumwa kwa sukari, halionekani kwa macho, lakini lipo. Hizi za zambarau ni ukoo uleule, ila umefugwa kwenye chupa miaka mingi mpaka umepoteza koti. Ukimpa mnyama hizi zisizo na koti, haumwi. Ukimpa zenye koti, anaumwa."

"Koti tu?"

"Koti tu!" Hapo nilisahau hasira, maana jambo hili nalipenda kweli. "Ndani ya damu kuna walinzi, chembe nyeupe. Kazi yao ni kumeza wageni. Mlinzi akimmeza asiye na koti, anamyeyusha mara moja, habari imekwisha. Akimmeza mwenye koti, mlinzi anashindwa. Yule mdudu anakaa humohumo tumboni mwa mlinzi, anakula, anazaa, na mlinzi anatembea naye mwilini akidhani amefanya kazi. Ndiyo maana homa yake haiishi."

Mbuke alicheka kwa mdomo uliofungwa. "Mdudu mwerevu huyo. Sasa hiyo dawa yako ya waridi inamwonaje, kama amejificha?"

"Haimwoni yeye. Mwili ukiona lile koti hutengeneza kinga ya kulikamata, na kinga hiyo inabaki ndani ya damu. Kwenye dawa ya waridi kuna vijidudu vilivyouawa vikiwa na makoti yao. Kinga ikikutana na makoti inayang'ang'ania, ndipo matone yanakatika vipande."

Sabuni alikuwa anaramba dirisha langu, ulimi mpana, na kuliacha na mate.

"Kwa hiyo mdudu hujamwona," akasema Mbuke. "Umejua tu kwamba damu ya Sabuni inalijua lile koti."

"Ni kitu kilekile, mama."

"Si kilekile. Koti analivaa yeyote. Hakuna mwingine anayevaa koti hilo?"

Nilitaka kumwambia hakuna. Alikuwepo. Alikuwepo, tena kila mtu wa maabara alimjua: kijidudu cha chanjo. Kile wanachodungwa mitamba, majike ambao hawajazaa, kipo hai, kina koti lilelile kamili, ila ndani ya chembe hakina nguvu ya kuishi kwa muda mrefu. Mwili wa mtamba unalijifunza koti bila kuumwa. Baadaye ukimpima, damu yake inaweza kukatika kigaeni vilevile kama ya mgonjwa. Kwa sababu hiyo kila mtamba anayechanjwa hukatwa pengo dogo kwenye ncha ya sikio la kushoto, ili mtu kama mimi asije akamchinjisha bure.

Nilitoka nje mbiombio na koti langu jeupe, nikashika sikio la kushoto la Sabuni. Halikuwa na pengo. Lakini halikuwa na ncha pia. Lilikuwa limekatwa moja kwa moja, safi, kama mtu aliyekata ukingo wa kitambaa, na jeraha lilikuwa limepona zamani.

"Nani amekata hapa?"

Mbuke akaanza kupangusa vumbi kwenye nguo yake, jambo ambalo hakuwa amelijali tangu afike.

"Alama yetu hiyo. Ng'ombe wa ukoo wa marehemu mume wangu, Bujiku, wote wanakatwa hivyo. Akipotea malishoni, kila mtu anajua amrudishe kwa nani."

"Sabuni alizaliwa zizini kwenu?"

"Hapana. Nilipewa na misheni, kule upande wa Ushirombo. Niliwapikia masista miaka sita. Nilipofiwa na kurudi Didia wakanipa mtamba."

"Alipofika, sikio lilikuwaje?"

Hapo alinitazama, na uso wake wote ukabadilika. "Lilikuwa na kipengo. Kibaya, kimepinda, kama limeng'atwa na mbwa. Niliona aibu kumpeleka malishoni na sikio la namna ile, watu waseme Mbuke amerudi na ng'ombe wa kuokota. Nikamwita shemeji yangu Makoye, nikamwambia mkate vizuri, awe wa nyumbani." Akashika mdomo. "Mayu wee! Ni mimi?"

Nikamwambia asubiri, hatujui bado. Nikakimbilia ofisi ya mkuu.

Mkuu wetu, Bwana Eustace, alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti, na ndiyo maana ilikuwa vigumu sana kumgeuza. Alinisikiliza hadi mwisho, akachovya kalamu kwenye wino ingawa hakuwa na la kuandika.

"Febronia, sikio lililokatwa si sikio lenye pengo. Nikikubali maneno, kesho kila mtu atasema ng'ombe wake alikuwa na pengo. Niletee maandishi ya chanjo kabla ya lori. La sivyo, atapanda."

"Na maziwa je? Nikipima maziwa?"

"Pima. Yatanisaidia kulala, lakini maandishi ndiyo nitakayotia sahihi."

Mbuke alimkamua Sabuni palepale barazani. Nilitia maziwa kwenye kichupa chembamba, nikaongeza tone la vijidudu vilivyouawa na kutiwa rangi ya buluu, nikaweka kwenye joto kwa saa nzima. Ng'ombe mwenye ugonjwa kiwele chake hutoa kinga nyingi ndani ya maziwa. Vijidudu vya buluu hushikamana na kupanda juu na krimu, ukaona pete ya buluu shingoni mwa kichupa. Nilipokitoa, krimu ilikuwa nyeupe na buluu yote imebaki chini. Nilifurahi nikakibusu kile kichupa, kwa nje, halafu nikaenda kunawa mikono na kujiita mjinga.

Tatizo lilikuwa maandishi. Shamba la misheni lilitunzwa na Bruda Otmar, mzee aliyenijua tangu utotoni, mwenye daftari la kila kitu, hata siku paka alipozaa. Barua ingefika wiki inayofuata. Ilibaki redio ya mawasiliano ya misheni, ambayo ofisi ya parokia mjini iliongea nayo kila siku saa nne asubuhi. Jumatano tulikwenda wote wawili, tukasikia mikwaruzo tu. Alhamisi sauti ilikuja, ikasema Bruda yuko shambani, ataitwa kesho. Kesho ilikuwa Ijumaa.

Siku zote hizo Sabuni alikaa kwenye zizi la maabara, lilelile la ng'ombe wanaosubiri lori. Mbuke ndiye aliyekuwa amemleta kwa miguu yake mwenyewe mpaka mlangoni mwa machinjio, na alilijua hilo bila kuambiwa. Alilala kwangu. Alifua nguo zangu kwa majivu na kunifokea kwa kutokuwa na chungu cha maana, na chakula alichopika kwenye sufuria yangu mbovu sikuwahi kukila tena kitamu vile. Mapacha walikuwa wanakunywa maziwa ya jirani wakati huo, ya kuomba, na aliwataja kila alipopumzika kidogo.

Ijumaa lori lilifika mapema. Tulipotoka kwenda parokia, dereva alikuwa ameshashusha ubao wa kupandishia, na ng'ombe wawili wa vijiji vingine walikuwa ndani. Bwana Eustace alisimama pale na orodha yake. Alitazama saa, akaniambia kwa upole wake ule ule, "Mwisho saa tano."

Saa nne na robo redio ilikohoa, na sauti ya Bruda Otmar ikaja kana kwamba anaongea kutoka ndani ya debe.

"Febronia! Mtoto wa Silvesta! Bado unabishana na watu?"

"Shikamoo, Bruda. Siku hizi nabishana na ng'ombe. Naomba daftari la mitamba la mwaka sabini na saba. Mtamba mweupe aliyepewa Mbuke wa Didia."

Tulisikia karatasi zikigeuzwa. Zikageuzwa sana. Mbuke alinishika mkono juu ya kiwiko na kuubana kwa nguvu, vidole vya mtu aliyelima maisha yake yote, na sikumwambia aache.

"Mweupe. Wako weupe watatu hapa," akasema Bruda. "Wa kwanza alikufa. Wa pili alikwenda kwa katekista. Wa tatu, ngoja, mwandiko wangu huu... wa tatu, Mbuke, mpishi. Chanjo ya kutupa mimba, tarehe kumi na tisa Agosti. Sikio la kushoto, pengo. Nimeandika pembeni: pengo baya, mtamba amerusha kichwa."

Mbuke alipiga kigelegele ndani ya ofisi ya parokia hadi karani akaangusha kalamu.

"Bruda!" nikapiga kelele. "Alikuwa na umri gani?"

"Mkubwa. Miezi kumi na tano. Mwaka ule chanjo ilichelewa kufika, tukawachanja wakubwa hivyohivyo."

Hapo ndipo picha yote ilipokamilika kichwani mwangu. Ndama wa miezi sita akichanjwa, damu yake kwa kawaida hulisahau koti baada ya mwaka mmoja au miwili. Aliyechanjwa akiwa mkubwa anaweza kulikumbuka miaka mingi. Karani aliandika maneno ya Bruda kwenye karatasi, akatia muhuri wa parokia, nasi tukakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu alinipita barabarani bila viatu.

Tulimkuta Sabuni ana kamba shingoni, miguu miwili ya mbele juu ya ubao. Amekataa kupanda, na dereva na utingo wake wanamsukuma kutoka nyuma huku wakimtukana.

"Mshusheni!" nikasema. Pumzi sina. "Bwana Eustace, maandishi haya. Amechanjwa. Nilikosea mimi."

Neno hilo sikuwa nimelisema mbele ya watu tangu nianze kazi. Lilikuwa gumu kutoka, na lilipotoka sikufa. Bwana Eustace alisoma karatasi mara mbili, akafungua daftari kubwa, akanipa kalamu.

"Hukukosea kigae," akasema. "Ulikosea ng'ombe. Futa kwa mkono wako, uandike sababu."

Niliandika: amechanjwa, alama ya sikio imekatwa, maziwa safi, apimwe tena baada ya wiki sita. Sabuni akashuka kwa kurudi kinyumenyume, taratibu, kama mama mnene anayeshuka basi. Mbuke akamkumbatia shingo akamwambia maneno marefu ya Kisukuma ambayo mimi Msumbwa niliyaelewa nusu, na hiyo nusu ilitosha.

Wiki sita zilipopita nilikwenda Didia mwenyewe kumpima Sabuni tena. Maziwa yake ya siku ile, niliyokuwa nimeyapandikiza kwenye sahani maabara, hayakuwa yameota kijidudu hata kimoja. Justa alinipa mapacha wote wawili kwa mpigo, mmoja kila mkono, wazito, wana mashavu, na mmoja akanikojolea papo hapo. Nilicheka. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama niliwahi kuipata kwa kazi nyingine yoyote.

Mbuke akanitengea kigoda. Kisha akauliza, si kwa ubaya, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imekolea:

"Na yule ng'ombe wa Maige, mliyemchukua kabla ya Pasaka? Sikio lake mlilitazama?"

Vicheko viliniishia. Hatukulitazama. Matone yalikatika, nikaandika, lori likaja. Maige alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, na zizi lake lilionekana kutoka niliposimama. Nilimrudishia Justa watoto wake, nikaenda kabla sijaketi, nguo ikiwa bado na mkojo. Nilipanga maneno njiani na yote yalinikimbia nilipomkuta mzee mwenyewe anasuka kamba ya katani mlangoni.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye niliyempima ng'ombe wako. Nimekuja kukuuliza kama aliwahi kuchanjwa. Kama alikuwa na pengo sikioni kabla hamjakata alama yenu."

Maige akaweka kamba chini.

"Pengo? Yule nilimzalisha mimi, hapa hapa. Sindano ya serikali hakuiona hata kwa mbali. Alitupa ndama mara mbili, wa pili nilimzika mimi mwenyewe nyuma ya zizi, na mke wangu alilala na homa hadi juzi." Akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma upande wangu. "Kaa, mwanangu. Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Nilikaa. Nikaanza kulia pale mlangoni kwa mtu nisiyemjua, kwa nafuu tu, na Maige akamwita mke wake alete maji, na mama yule akaja na kikombe, dhaifu bado lakini anatembea, akauliza mgeni amefiwa na nani.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Hakuna, mama."